Kabla Hujamwita Kijana Mvivu: Mwongozo kwa Anayesimamia Kazi

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia watu: mwenye gereji, meneja wa duka la jumla Kariakoo, mkuu wa kitengo ofisini, muuguzi kiongozi wa zamu, mama mwenye mgahawa na wahudumu wake wanne. Umeajiri vijana. Mmoja anachelewa, mwingine kila ukimtazama ana simu mkononi, wa tatu ikigonga saa kumi na moja jioni amekwisha kubeba begi lake. Siku moja yanakutoka maneno ambayo kila msimamizi ameyasikia: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi."

Ninakuomba uyaache maneno hayo. Vijana wanakosea, na wategaji wa kweli wapo. Lakini ukishayasema unaacha kutafuta. Kijana anafukuzwa au anaondoka mwenyewe, anakuja mwingine wa umri uleule, na kile kilichokuwa kikimkwamisha wa kwanza kinamkwamisha wa pili. Unafundisha upya, unapoteza wateja, na tatizo lenyewe bado liko dukani limekaa.

Kwanza, fahamu lawama hii ina umri gani

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa 1963. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Machoni pa viongozi na wananchi wengi, wale walikuwa vijana waliodekezwa, wanaotaka kula matunda ya uhuru bila kutoa jasho. Leo waliobaki hai kati yao wana miaka themanini hivi, nasi tunawahesabu katika kizazi cha wazee waliojenga nchi.

Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa mijini kwa jina la wazururaji na kupelekwa mashambani, wakiwemo waliokuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo. Kabla ya hapo, wakati wa mkoloni, kijana aliyeingia Dar es Salaam bila kazi ya kuandikishwa aliitwa mhuni na kurudishwa kijijini. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1983 sasa amevuka 60. Inawezekana kabisa kwamba ndiye anayekuambia kwamba vijana wa leo hawajui kazi.

Kwa nini lawama hii inarithiwa bila kuisha? Watafiti wawili wa Marekani, John Protzko na Jonathan Schooler, walichapisha mwaka 2019 utafiti unaosaidia kujibu. Waligundua kwamba mtu huona upungufu kwa vijana hasa katika jambo ambalo yeye mwenyewe analiweza. Wanaosoma sana ndio waliosema zaidi kwamba watoto wa leo hawapendi kusoma. Sababu moja ni kumbukumbu: tunachukua jinsi tulivyo leo na kuamini kwamba ndivyo tulivyokuwa tangu ujana.

Tafakari maana yake kwako. Ikiwa wewe ni mchapakazi, unayefungua duka kabla ya jogoo kuwika, basi wewe ndiye uliye katika hatari kubwa zaidi ya kuwahukumu vijana vibaya. Unamlinganisha kijana wa miaka 23 na wewe wa miaka 48, mwenye duka, mwenye familia, na uzoefu wa robo karne. Mlinganishe na wewe wa miaka 23. Kama unaye aliyekusimamia wakati ule, mpigie simu umuulize ulikuwaje.

Kuna na suala la majina. Tangu maandamano ya Kenya ya Juni 2024, jina la Gen Z, la kizazi cha vijana wa leo, limezoeleka hata maofisini kwetu, na sasa hivi kila kosa la mfanyakazi wa miaka 25 linapewa jina hilo. Mipaka ya vizazi vyenye majina kama hilo ilichorwa Marekani kwa historia ya Marekani. Taasisi ya utafiti ya Pew, iliyosaidia sana kuyaeneza majina hayo, ilitangaza mwaka 2023 kwamba itayatumia kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wengine wa hukohuko Marekani walikusanya tafiti 77 kuhusu bidii ya kazi, wakalinganisha vizazi, na hawakuona tofauti ya maana. Ikiwa jina halitabiri bidii ya mtu kule lilikozaliwa, sioni litatabiri vipi bidii ya binti aliyekulia Sumbawanga ukamweka fungu moja na aliyekulia Masaki.

Hatua sita za kufuata

1. Taja tendo, usitaje tabia.

"Mvivu", "hajiongezi", "hana uchungu na kazi" ni hukumu. Haziwezi kurekebishwa kwa sababu hazisemi kirekebishwe nini. Kabla ya kumwita kijana, andika sentensi moja yenye mambo matatu: alifanya nini au hakufanya nini, lini, na kilisababisha nini. "Jumanne hakuingiza mauzo ya jioni kwenye daftari, tukashindwa kufunga hesabu." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, bado huna kosa la kumwambia. Una hasira tu, na hasira isubiri.

2. Weka rekodi wiki mbili, kwa wote.

Chukua daftari. Andika waliochelewa, kazi zilizorudiwa, wateja waliolalamika. Andika kila mfanyakazi, wa miaka 22 na wa miaka 55. Macho huona anachokitafuta mwenye macho: kijana akishika simu tunasema anachezea mitandao, mzee akishika simu tunasema ana jambo la muhimu nyumbani. Daftari haliangalii mvi. Mara nyingi utakuta kosa limejikusanya kwenye zamu fulani, au siku fulani, au kazi fulani ambayo hakuna aliyewahi kufundishwa vizuri.

3. Kagua mazingira uliyoyaweka wewe.

Hapa uwe mkweli kwa nafsi yako, maana ndipo majibu mengi yalipo. Jiulize:

- Mshahara unatoka tarehe ipi? Ukichelewa wiki mbili, nauli ya wiki hizo mbili anaitoa wapi?
- Ana mkataba wa muda gani? Kijana anayepewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, au "anajitolea" mwaka wa pili sasa, unamdai uaminifu wa miaka kumi kwa ahadi ipi?
- Aliyemfundisha kazi ni nani, na alifundishwa siku ngapi? Au alionyeshwa meza tu akaambiwa "utazoea"?
- Anaishi wapi? Anayetoka Chanika kwenda Posta kwa daladala mbili amekwisha kufanya zamu ya kwanza kabla hujafika wewe.
- Kazi ya pembeni anayofanya jioni, unaijua sababu yake?

Juu ya hilo la mwisho nataka nikae kidogo, kwa kuwa linatumiwa sana kama ushahidi kwamba vijana hawana moyo wa kazi. Miaka ya themanini, mishahara ya serikali iliposhindwa kununua hata unga wa kumaliza mwezi, watumishi walifuga kuku uani, walipika maandazi, waliendesha teksi bubu usiku. Hakuna anayewaita wavivu leo; tunasema walijua kujikwamua. Kijana anayeuza viatu mtandaoni baada ya kazi anafanya jambo lilelile. Swali lako liwe moja tu: je, biashara hiyo inaingia ndani ya saa za kazi? Kama haiingii, haikuhusu.

4. Zungumza naye, faragha, na umwache aseme.

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, na chanzo chake ni adabu yetu nzuri. Kijana aliyelelewa vizuri hamkatizi mkubwa. Ukimuuliza "Umeelewa?" atajibu "Ndiyo, bosi" hata kama hajaelewa neno. Kukuambia "sijaelewa" anaona kama anakuambia umeeleza vibaya. Kesho yake anakosea, nawe unasema ni mzembe kwa sababu jana alisema ameelewa. Kwa hiyo acha swali hilo. Uliza: "Utaanza na nini?" Majibu yake yatakuonyesha alipofika.

Soma mazungumzo haya ya mfano, kati ya mwenye duka na kijana wake:

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Kaa, mdogo wangu. Nataka tuzungumze habari ya kufungua duka. Jumatatu, Jumatano na jana tumefungua saa mbili na nusu. Wateja wa mikoani wanafika saa mbili kasoro, wanakwenda kwa jirani. Asubuhi kuna nini?"

"Samahani bosi. Ni foleni tu."

"Foleni ipo. Unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Hapa unafika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi."

"Na duka linafunguliwa saa mbili na nusu. Hiyo saa nzima unakuwa wapi?"

(Kimya. Mwenye duka hajazi kimya hicho.)

"Ninakuwa nje, bosi. Ufunguo anakaa nao kaka, yule binamu yako. Anafika saa mbili na nusu. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ni ndugu yako."

Angalia kilichotokea. Swali la kwanza lilipata jibu la adabu. Jibu la kweli lilikuja baada ya maswali madogo ya saa na mahali, na baada ya kimya. Angesema "Ninyi vijana mnapenda kulala" asingejua habari ya ufunguo mpaka leo. Katika biashara zetu za kifamilia kijana asiye ndugu hubeba makosa mengi ya aina hii, na hana pa kuyasemea.

Mambo ya kuzingatia katika mazungumzo hayo:

- Usimseme mbele ya wateja wala wenzake. Aibu hairekebishi daftari la mauzo.
- Usitaje umri wake, wala kizazi chake, wala jinsi ulivyoteseka ulipokuwa kama yeye.
- Usizungumze makosa matano kwa mpigo. Chagua lile linaloumiza kazi zaidi.
- Kama kuna sehemu yako katika kosa, ishughulikie kwanza kabla hujamdai yeye ya kwake.

5. Kubalianeni jambo moja, na tarehe.

"Jitahidi" si makubaliano. "Kuanzia Jumatatu ufunguo unakaa nao wewe, duka linafunguliwa saa mbili kamili, tutaangalia tena Ijumaa ya wiki ijayo" ni makubaliano. Andika mistari mitatu, mpe nakala au mtumie kwa WhatsApp.

6. Siku ile ikifika, rudi.

Wasimamizi wengi hawarudi. Kijana aliyejirekebisha asipoambiwa kwamba imeonekana, anajifunza kwamba haionekani. Dakika tano zinatosha.

> KISANDUKU: Jikague kabla hujasema
>
> ☐ Nimeandika tendo, tarehe na athari yake
> ☐ Rekodi yangu ina wafanyakazi wa umri wote
> ☐ Mfanyakazi mzee akifanya hili hili, ningemchukulia hatua hii hii
> ☐ Nimekagua mshahara, mafunzo, vifaa na usafiri
> ☐ Nimemsikiliza faragha, akasema zaidi ya "samahani bosi"
> ☐ Tumeandika makubaliano yenye tarehe

Makosa yanayojirudia

*Kuhesabu saa badala ya kazi.* Anayeondoka kwa wakati akiwa amemaliza kazi yake hajakosa. Ikiwa kila siku unahitaji watu wabaki mpaka usiku, una upungufu wa watu au mpangilio mbaya, na muda wa ziada unalipwa.

*Kuchukulia simu kuwa ushahidi.* Oda zinaingia kwa simu, malipo yanaingia kwa simu, picha za mzigo zinatumwa kwa simu. Weka utaratibu ulio wazi: simu ya kazi ni ipi, ya binafsi inatumika lini. Utaratibu huo ukuhusu na wewe.

*Kusifia kwa umri.* "Wewe kijana, mambo ya kompyuta unayajua, shughulikia ukurasa wetu wa Instagram." Inaonekana ni sifa, kumbe ni kazi ya pili isiyolipwa, na pengine hata haijui. Sifa hiyohiyo inamuumiza na mzee aliye pembeni, ambaye ameshahukumiwa kuwa hawezi kujifunza programu mpya. Nimewaona wahasibu wa miaka 58 wakiziendesha programu za hesabu vizuri kuliko wote chumbani, baada ya kufundishwa kwa subira siku tatu.

*Kuchukulia salamu kuwa kipimo cha bidii.* Asiyesema shikamoo anaweza kuwa amekosa adabu, au ametoka nyumba isiyoisema. Mfundishe taratibu za mahali penu siku ya kwanza. Usimkatie maksi za kazi kwa sababu hiyo.

*Kuajiri kwa kuepuka.* Tangazo lisemalo "vijana wasiombe", au lisemalo kinyume chake, "asizidi miaka 28", pasipo sababu inayotokana na kazi yenyewe, linakuingiza kwenye matatizo ya kisheria.

Kwako kijana, ukishabandikwa jina

Usijibu jina kwa jina. "Wazee wa ofisi hii mnatuonea wivu" itakufurahisha kwa dakika moja na kukugharimu mwaka. Fanya haya:

1. Omba tendo, kwa heshima. "Mzee, naomba unionyeshe ni wapi hasa nimekosea ili nirekebishe." Mwenye nia njema atakuonyesha. Asiyekuwa na cha kukuonyesha atalazimika kufikiri.
2. Toa taarifa kabla, usisubiri kuulizwa. Ujumbe mfupi wa saa moja asubuhi, "Bosi, gari limeharibika Gongo la Mboto, nitafika saa tatu," una uzito kuliko maelezo marefu ya saa nne.
3. Ukitumia simu kwa kazi, sema mapema: "Naangalia oda za WhatsApp, nusu saa hivi."
4. Kama hujaelewa, usiseme "sawa". Sema, "Nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Ni adabu, na inakuokoa.
5. Ukiondoka kwa wakati, kabidhi. Sema umefikia wapi na nini kimebaki. Wengi wanaolaumiwa kwa kuondoka mapema kosa lao ni kuondoka kimya.
6. Tunza kumbukumbu yako: mkataba, ujumbe wa maelekezo, siku ulizobaki mpaka usiku.

Na kama kweli anategea?

Turudi kwako msimamizi. Mtegaji yupo. Umeweka rekodi, umerekebisha ya kwako, mmekubaliana mara mbili, na bado hafanyi. Basi chukua hatua, bila kusitasita, kwa utaratibu.

> KISANDUKU: Sheria, Tanzania Bara
>
> Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo.
>
> Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, hauzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.
>
> Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa moja.
>
> Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi.
>
> Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mfanyakazi mwenye utendaji hafifu achunguzwe sababu, aelekezwe, na apewe muda wa kujirekebisha kabla ya kuachishwa.
>
> Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.
>
> Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005. Kenya, ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa umri.

Utaona kwamba hatua zile sita zinafanana sana na kile ambacho kanuni za 2007 zinakidai. Mwajiri aliyezifuata anakwenda mbele ya Tume akiwa na daftari, makubaliano na tarehe. Aliyefukuza kwa sababu "vijana hawa hawafai" anakwenda na mdomo mtupu, na mara nyingi ndiye anayelipa.

Barua ya onyo iwe fupi: tendo, tarehe, athari, makubaliano yaliyovunjwa, kinachotakiwa sasa na mpaka lini. Mpe nafasi ya kujibu kwa maandishi, naye aruhusiwe kuja na mwenzake kwenye kikao. Kisha isome tena kabla ya kusaini, na kama neno "kijana" au mwaka wake wa kuzaliwa umejipenyeza humo, lifute.